Goti, Taa Nyekundu na Mafuta ya Ufuta: Mwongozo Kamili wa Kutumia Tiba ya Mwanga Pamoja na Uchuaji wa Ayurveda

Cherehani ya kukanyaga haina huruma na goti. Nimeikanyaga miaka kumi na tisa, na mwaka juzi daktari alinionyesha picha ya eksirei, akasema gegedu la upande wa ndani wa goti la kulia limeanza kusagika. Akaniandikia dawa za maumivu, akaniambia nipunguze uzito na nifanye mazoezi ya mapaja. Dawa nikazishika, mazoezi nikayaacha, nikaingia mtandaoni kutafuta njia ya mkato. Huko ndiko nilikokutana na taa nyekundu, na pembeni yake, kwenye matangazo yaleyale, chupa za mafuta ya Kihindi yanayosemekana "kuamsha" mwanga mwilini.

Nimetumia vyote viwili, kwanza vibaya kisha kwa utaratibu. Nilichojifunza ni kwamba taa na mafuta havikuzaliwa nyumba moja. Taa inataka kipimo, mafuta yanataka mazoea. Wengi hufanya kinyume: taa wanaiwasha kwa kukisia, mafuta wanayahesabia matone kama dawa ya macho. Mwongozo huu ni wa goti lililosagika tu. Usiuhamishie kwenye kidonda, uvimbe au macho.

Vimetoka wapi

Tiba ya mwanga mwekundu ya leo ilianzia Budapest, tena kwa bahati. Leza ya kwanza, ya kito cha rubi, iliundwa na Theodore Maiman mwaka 1960 huko Marekani. Miaka michache baadaye daktari wa Hungaria, Endre Mester, alinyoa panya na kuwaangazia leza ya rubi, akitaka kujua kama mwanga huo unaathiri saratani. Leza yake ilikuwa dhaifu kuliko alivyodhani. Panya hawakupata saratani wala hawakudhurika, bali manyoya yao yaliota upesi kuliko ya wenzao. Hiyo ilikuwa 1967. Udhaifu wa ile leza ndio uliozaa tiba, na nitalirudia jambo hili tukifika kwenye dozi.

Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu kinachotokea ni haya: ndani ya seli kuna mitokondria, vinu vidogo vya kutengeneza nishati, na humo mna kimeng'enya kinachonyonya mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu, ule usioonekana kwa jicho. Kikishaunyonya, kinu hufanya kazi vizuri zaidi kwa muda na uvimbe hupungua. Ushahidi haulingani kwa kila ugonjwa. Mahali ulipo imara sana ni kuzuia vidonda vya mdomoni kwa wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Huko tiba hii imo hata kwenye miongozo ya kimataifa ya matibabu. Kwa goti, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikusanya majaribio 22 ya leza ya nguvu ndogo, ukakuta maumivu yalipungua pale dozi ilipofuata kiwango kilichopendekezwa. Lakini zile zilikuwa leza za kliniki, si paneli ya taa za LED unayoining'iniza mlangoni. Kwa hiyo matumaini yako yapunguze kidogo.

Ayurveda ni ya India, na ni ya kale mno kuliko hayo yote. Vitabu vyake vikuu, vya Charaka na Sushruta, vina umri wa karibu miaka elfu mbili. Goti linalosagika lina jina humo: sandhigata vata, yaani vata, ile asili ya upepo na ukavu, imeingia kwenye maungio. Na dawa ya ukavu ni mafuta. Charaka anatoa mfano ambao fundi yeyote anauelewa: mtungi wa udongo, ngozi ya mnyama na mhimili wa gurudumu la gari vyote hupata nguvu vikipakwa mafuta, na mwili ni vivyo hivyo. Kuchua mwili kwa mafuta kunaitwa abhyanga, na kumewekwa kwenye utaratibu wa kila siku, dinacharya, pamoja na kupiga mswaki na kuoga.

Je, Ayurveda inajua mwanga? Inajua jua. Charaka anaorodhesha njia kumi za kutoa jasho bila kutumia moto, na kuota jua ni mojawapo. (Nyingine ni hasira na woga. Mteja akichelewa kulipa, mimi natibiwa bure.) Mbegu za mmea wa bakuchi nazo zilipakwa kwenye mabaka meupe ya ngozi kisha mgonjwa akaketi juani, leo tunajua zina psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi ishikwe na miale ya jua. Lakini huo ni mwanga wa urujuanimno, si mwekundu, na bakuchi ikitumiwa ovyo inababua. Usiiguse katika mpango huu.

Anayekuambia taa nyekundu "inafungua chakra ya kwanza" anakuuzia hadithi ya juzi. Chakra, vile vinavyoitwa vituo vya nishati mwilini, ni za yoga na tantra (mapokeo ya kiroho ya India), hazimo kwenye tiba ya Charaka, na kuzipaka rangi za upinde wa mvua ni mtindo wa karne ya 20. Biashara hii ilikuwa na mtangulizi, Dinshah Ghadiali, mzaliwa wa Bombay aliyehamia Marekani na kuanzia 1920 kuuza Spectro-Chrome, sanduku lenye balbu na vioo vya rangi, akidai linaponya karibu kila kitu. Mwaka 1947 mahakama ya huko ilimtia hatiani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni goti la kuchuliwa

Usiwashe taa wala kufungua chupa kama goti limevimba ghafla na ni la moto, kama una homa, kama limekwama halikunjuki, kama umeanguka na huwezi kukanyagia, au kama maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala tu. Hayo ni ya hospitali. Shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, usilichue hata kidogo. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu.

Muulize daktari kwanza kama una mimba, una saratani au umewahi kuwa nayo, una kifafa, au unatumia dawa zinazoifanya ngozi iogope mwanga. Doksisiklini, dawa ya kuua bakteria ambayo wengi huimeza kama peremende, imo kwenye kundi hilo. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asitegemee kuhisi joto. Amwombe mtu mwingine aguse ngozi yake kila baada ya dakika moja au mbili.

Hatua ya 2: Chagua taa kwa namba, si kwa rangi

Taa yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa sababu ilikuwa nyekundu sana. Kwenye boksi paliandikwa wati 100, basi. Nilipomuuliza muuzaji inatoa urefu gani wa mawimbi, akanijibu, "Dada, hiyo ni original." Hilo halikuwa jibu.

Unachotafuta ni namba tatu. Ya kwanza ni urefu wa mawimbi kwa nanomita: mwekundu uwe kati ya 630 na 660, na infraredi ya karibu kati ya 810 na 850. Kwa goti, hiyo ya pili ndiyo muhimu, maana inazama ndani zaidi. Namba ya pili ni nguvu inayoifikia ngozi, kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba. Ya tatu ni umbali ambao nguvu hiyo ilipimwa. Bila umbali, namba ya pili haina maana. Wati za jumla zinakuambia bili ya umeme tu. Jua pia kwamba wauzaji wengi hupima kwa kifaa cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa ajili ya jua, nacho husoma juu kuliko ukweli kwenye taa za aina hii. Akikuambia 100, wewe panga kama ni 50.

Balbu nyekundu ya kulelea vifaranga, ile ya wati 250, siyo taa hii. Najua inapatikana kila duka la pembejeo na bei yake inavutia. Kazi yake ni joto, na ukiisogeza karibu inaunguza.

Angalia volti. Taa iliyoagizwa Marekani inaweza kuwa ya volti 110 au 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utanusa moshi kabla hujaona mwekundu. Ukiwasha ukaona nusu ya vitaa havionekani kuwaka, usikimbilie kudai pesa zako. Infraredi haionekani kwa jicho. Fungua kamera ya simu, ile ya mbele hasa, uielekeze: kwenye simu nyingi utaviona vinang'aa rangi ya zambarau hafifu. Visipoonekana hata kwa simu mbili tofauti, hapo sasa dai.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dozi

Hesabu ni moja tu. Zidisha nguvu ya taa (miliwati kwa sentimita ya mraba) kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, unapata jouli kwa sentimita ya mraba. Taa yenye nguvu ya 30 ukiiwasha dakika 5: 30 mara 300 ni 9,000, gawanya kwa 1,000, jouli 9.

Mimi nilianza na jouli 4, nikapanda taratibu hadi 9. Usifikirie kwamba 40 itakuponya mara kumi. Rudi kwa Mester na leza yake dhaifu: tiba hii ina tabia ya kwamba kidogo kinaamsha na kingi kinazima. Nilipokuwa nawasha taa nusu saa nzima huku nikitazama tamthilia, sikupata nafuu yoyote zaidi ya ngozi kuwasha.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu nyingine ya kuanza chini. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga mwekundu, hivyo ngozi yetu hupata joto mapema, na majaribio ya usalama yaliyofanyika Marekani yalikuta ngozi nyeusi inavumilia dozi ndogo kuliko ngozi nyeupe. Dozi hizo zilikuwa kubwa mno kuliko hizi za nyumbani, ila funzo linabaki. Ukiona eneo linageuka jeusi zaidi kuliko lilivyokuwa, punguza au acha.

Hatua ya 4: Taa kwanza, ngozi ikiwa kavu

Utaratibu usiobadilika ni huu: taa, kisha mafuta. Anayepaka kwanza anaweka utando juu ya ngozi, na hajui tena ni mwanga kiasi gani unaopita. Ukipaka uji mzito wa manjano au liwa, ndiyo umefunga pazia kabisa. Tena mafuta chini ya taa yenye joto hupasha ngozi bila wewe kugundua.

Osha goti, likauke. Vua nguo, maana mwanga haupiti kwenye jinzi. Keti goti likiwa limekunjwa kiasi, ili mwanga uingie kwenye mwanya wa maungio badala ya kugonga pia ya goti. Angaza upande wa ndani, kisha wa nje, kisha mbele, kila upande kwa dozi yake kamili. Nyuma ya goti si lazima. Siku tatu hadi tano kwa wiki zinatosha.

Macho yasitazame taa. Vaa miwani iliyokuja nayo, au geukia ukutani, na watoto watoke chumbani. Infraredi haimfanyi mtu apepese, kwa hiyo jicho halijui kwamba linaangaziwa.

Hatua ya 5: Mafuta

Hapa ndipo utulie. Kwa vata, Ayurveda huchagua ufuta kabla ya kitu kingine, na sisi hatuhitaji kuagiza: ufuta wa Lindi na Mtwara unasafirishwa mpaka India kwenyewe. Tafuta mafuta yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Yale ya rangi ya kahawia yenye harufu ya karanga ni ya kupikia, yatakufanya unuke kama mgahawa. Mwenye mwili wa joto, anayewashwa haraka, hupewa ya nazi, kama wafanyavyo Kerala. Kaskazini ya India hutumia haradali, lakini ina ukali, na ngozi yangu iliikataa.

Ukitaka yaliyochemshwa na mitishamba, jina la kuulizia ni Mahanarayana. Nilikwenda duka moja la dawa za Kihindi maeneo ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mzee mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Goti au mgongo?"

Nilipomwambia goti, alinipa chupa, akainyooshea kidole lebo: ya kuchua tu, usinywe. Nikamuuliza na vidonge vilivyopangwa nyuma yake. Akatikisa kichwa, akasema hivyo nikamwone vaidya kwanza, yaani mganga aliyesomea. Nilimheshimu kwa kukataa biashara. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda za kumeza zilizouzwa madukani Boston, wakakuta 14 zina metali zenye sumu: madini ya risasi, zebaki au aseniki. Nyingine huwekewa metali kwa makusudi, kwa mapishi ya jadi yaitwayo rasa shastra. Kwa mpango huu, kinachoingia mdomoni ni chakula tu. Manjano kwenye mchuzi ni sawa. Vidonge vyake vilivyokolezwa na pilipili manga vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivijaribu bila daktari wake.

Pima mzio kwanza: tone moja ndani ya kiwiko, ngoja hadi kesho. Kisha fanya hivi. Weka vijiko viwili vya chakula vya mafuta kwenye kikombe cha bati, kisimamishe kwenye bakuli la maji ya moto dakika tano. Usiyaweke juu ya jiko moja kwa moja. Yajaribu kwenye kifundo cha mkono; yawe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Kaa chini juu ya khanga kuukuu, kwa sababu ufuta kwenye nguo hautoki, nakuambia kama fundi.

Anza na paja. Kwenye mfupa mrefu chua kwa kwenda juu na kushuka, kiganja kizima, bila kukamua. Ukifika gotini badilisha: mizunguko, kuzunguka pia ya goti, polepole, kwa vidole vinne. Kisha shuka kwenye muundi na shavu la mguu, tena kwa mrefu. Malizia na unyayo. Dakika kumi hadi kumi na tano kwa mguu mmoja. Watu hushambulia pale panapouma peke yake, wakati misuli ya paja ndiyo iliyokaza na ndiyo inayolivuta goti.

Acha mafuta dakika kumi na tano, kisha oga maji ya vuguvugu. Sabuni haihitajiki sana. Unga wa dengu uliolowekwa kidogo huyaondoa vizuri, Wahindi wameutumia hivyo karne nyingi. Bafuni, mkono mmoja uwe ukutani. Goti linaloponywa kwa mafuta kisha likateleza kwenye vigae ni hasara mara mbili.

Usichue ukiwa na homa, ukiwa umeshiba sana, au tumbo likiwa limevurugika. Vitabu vya Ayurveda vinakataza hivyo, nami sioni sababu ya kubishana navyo.

Utasikia pia habari za janu basti: ukuta wa unga wa dengu nyeusi unaviringishwa juu ya goti kama bwawa dogo, mafuta ya vuguvugu yanamwagwa humo na kubadilishwa yanapopoa. Ni kazi ya mikono miwili isiyo yako. Ukipata kliniki ya kuaminika, ijaribu; nyumbani peke yako utaishia kufua mashuka.

Hatua ya 6: Paja lifanye kazi

Daktari wangu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mvivu. Miongozo ya matibabu ya goti lililosagika inaweka mazoezi na uzito mbele ya vifaa vyote, na mguu uliokwisha kupata joto la taa na mafuta unakubali mazoezi kirahisi. Kwa hiyo kabla ya kuoga, au asubuhi yake, lala chali, nyoosha mguu, uinue kimo cha shubiri mbili, hesabu tano, ushushe. Mara kumi. Kisha keti kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, mara nane.

Kiasi gani kinatosha? Ayurveda inasema fanya mazoezi mpaka nusu ya nguvu zako, na dalili yake ni jasho kwenye paji la uso na kuanza kupumua kwa mdomo. Kwa mtu wa miaka hamsini mwenye goti bovu, sijasikia kipimo chepesi kuliko hicho.

Hatua ya 7: Daftari, kisha ondoa kimoja kimoja

Kabla ya kuanza, andika maumivu yako kati ya 0 na 10 unaposhuka ngazi. Kushuka, si kupanda. Andika tena kila Jumapili, pamoja na vidonge vya maumivu ulivyomeza wiki hiyo. Wiki sita zikipita bila mabadiliko, acha taa, rudi kwa daktari ukiwa na daftari hilo.

Ukipata nafuu, jua imetoka wapi, maana umefanya mambo matatu kwa pamoja. Mimi nilianza nikiwa 6, nikafika 3. Kisha nikazima taa wiki mbili na kuendelea na mengine: nikabaki 3, mara moja moja 4. Nikairudisha taa, nikaacha mafuta wiki mbili: 3, ila usingizi ulipungua na asubuhi mguu ulikuwa mzito. Nikarudi kwenye mafuta, nikaacha mazoezi. Jumapili ya pili niliandika 5, na Jumatatu nikainua mguu mara kumi kabla ya kunywa chai.

Taa nimemwazima shangazi, mwenye bega. Mafuta yako kabatini, chupa ya tatu.